Kipozeo cha mabamba kimeziba tena kwa machicha ya hopsi, na muuzaji anasema kosa ni langu

Ndugu wanajamvi,

Jana nilipika lita 19 za bia yenye hopsi nyingi (yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu) katika gereji yangu hapa Tacoma, jimbo la Washington, na kwa mara ya pili mwaka huu kipozeo nilichouziwa kwa maneno matamu kimeziba kabla hata nusu ya sufuria haijapita. Ukifungua koki, maji ya kimea hutoka kwa nguvu kwa dakika mbili, kisha huwa uzi, kisha matone, kisha basi. Nawe umesimama na mpira mkononi huku sufuria ikifuka mvuke.

Kwa wasiokifahamu, kifaa hiki ni mabamba membamba ya chuma cha pua yaliyounganishwa kwa shaba iliyoyeyushwa. Maji ya kimea yaliyochemka hupita upande mmoja na maji baridi ya bomba hupita upande wa pili kwa mwelekeo wa kinyume, hivyo joto likashuka kutoka karibu nyuzi 100 hadi takriban 20 kwa mpito mmoja. Ni kifaa hodari, sikatai, ila hakina skrubu hata moja ya kukifungulia.

Kabla ya kulipa nilimuuliza muuzaji kama ninahitaji chujio, naye akanijibu bila kusita kwamba vidonge vya hopsi ni unga tu na vitapita. Mtu anayeuza vifaa vya bia saa chache tu kwa gari kutoka bonde la Yakima, kunakolimwa sehemu kubwa ya hopsi ya Marekani, hana udhuru wa kutojua. Kidonge ni ua la hopsi lililosagwa na kushindiliwa. Kikiingia katika maji yanayochemka husambaratika, huvimba, kisha hushikamana na protini ya kimea kuwa tope la kijani, na mimi nilikuwa nimetia gramu 200. Maua mazima, angalau, hujilaza juu ya wavu wa chini ya sufuria yakawa chujio yenyewe. Tope la vidonge huupita wavu huo kana kwamba haupo.

Hopsi niliyoitia baada ya kuzima moto niliikusudia kwa ajili ya harufu. Kwa kuwa kipozeo kiliziba, ilikaa zaidi ya dakika 40 katika maji yaliyo juu ya nyuzi 80, ikaendelea kutoa uchungu ambao sikuuomba. Nimeionja bia yenyewe leo, inakamata ulimi kama mwarobaini.

Asubuhi nikageuza mpira na kusukuma maji kinyumenyume. Kwanza vilitoka vipande vya kijani, halafu vikafuata vyeusi, vyenye harufu ya kuoza, vya upishi wa mwezi uliopita, ambao niliapa kwamba nilikuwa nimeusafisha kwa magadi ya moto! Nilipompigia simu muuzaji, akaniambia kuwa kifaa kilichotumika hakirudishwi na kwamba nilipaswa kuchuja. Yaani jambo lile lile aliloniambia halina haja.

Nanyi mnaomjibu kila anayelalamika kuwa asukume maji kinyume tu, naomba mkome, kwa sababu machicha yanatakiwa yazuiwe ndani ya sufuria. Mama zetu hawakungoja tui liingie chunguni ndipo watafute kifumbu. Nimejaribu kukoroga kwa mzunguko na kusubiri dakika 20 ili machicha yajikusanye katikati kama majani ya chai kikombeni, na inasaidia, lakini kilima hicho hubomoka maji yanapopungua, na lita mbili za mwisho ndizo zinazoua kipozeo. Sasa nitaziacha chini, ingawa inaniuma. Mfuko wa kitambaa nao ukijazwa sana huvimba kama mto, na hopsi ya katikati haipati nafasi ya kutoa kitu.

Kilichobaki ni kikapu cha wavu wa chuma cha pua kinachoning'inizwa ukingoni mwa sufuria, chenye matundu ya mikroni 300 au 400, yaani chini ya nusu milimita. Anayekitumia kwa hopsi nyingi kiasi hiki aniambie kama nacho huziba. Kwa sasa nimemwomba jirani anirudishie koili yangu ya shaba, ile ya kutumbukiza ndani ya sufuria, niliyomgawia siku nilipoleta kipozeo hiki nyumbani nikijiona nimeendelea. Amesema ataitumia kwanza Jumamosi.