Nukta zangu zimenyooka vizuri, mbona grafu bado si sahihi?

penseli_na_rula:
Habari zenu ndugu. Nimeanza aljebra nikiwa mtu mzima, najisomea mwenyewe usiku, na leo ni siku ya tatu nimekwama kwenye grafu ya mstari mnyoofu. Swali linasema: chora grafu ya 2x + 3y = 12.

Niliibakiza y peke yake nikapata y = −(2/3)x + 4. Nikaweka nukta kwenye (0, 4). Mteremko, yaani hatua za kupanda au kushuka ukigawanya kwa hatua za kwenda kando, ni −2/3, basi nikashuka hatua 2 na kwenda kushoto hatua 3, nikafika (−3, 2). Nikarudia, nikafika (−6, 0). Nukta zote tatu zimelala kwenye rula, hakuna iliyochomoza. Lakini majibu ya nyuma ya kitabu yanaonyesha mstari unaoinamia upande mwingine. Nukta zikinyooka si ndiyo dalili kwamba umepatia?

mwalimu_wa_jioni:
Umefanya vyema kuandika kila hatua, maana nisingeona ulipoteleza. Kuibakiza y ni sawa, na (0, 4) ni sahihi. Tatizo ni alama ya hasi: umeitumia mara mbili. −2/3 ina hasi moja tu. Ukishuka 2 (hasi) na kwenda kushoto 3 (hasi), umegawanya hasi kwa hasi, na hiyo ni 2/3 chanya. Ndiyo maana mstari wako unapanda ukiufuata kutoka kushoto kwenda kulia, wakati ulitakiwa ushuke.

Nimefundisha mada hii miaka mingi, na kosa hili nalikuta kila darasa jipya. Swali lako la mwisho ndilo nimelipenda zaidi. Hapana, kunyooka hakutoshi. Hatua ileile ukiirudia, iwe sahihi au mbovu, nukta lazima zinyooke. Rula haiujui mlinganyo wako. Rudisha nukta kwenye mlinganyo wenyewe, ule wa mwanzo kabla hujaugeuza: 2(−3) + 3(2) = 0, na sisi tulitaka 12. Mstari unaotakiwa ni jozi zote za x na y zinazoufanya mlinganyo uwe kweli. Jozi isiyoutimiza haina mahali pake pale, hata ikinyooka namna gani.

kata_mihimili:
Mlinganyo wa sura hii mimi hata y siibakizi. Weka x = 0, unapata y = 4. Weka y = 0, unapata x = 6. Unganisha (0, 4) na (6, 0), sehemu kama 2/3 hazikusumbui tena. Ila ukikutana na 2x + 3y = 0, utapata (0, 0) mara zote mbili, na nukta moja haichori mstari. Hapo chagua x nyingine. 3 inakupa (3, −2).

penseli_na_rula:
Nimefuta, nimechora upya. Kutoka (0, 4) nimeshuka 2, nimekwenda kulia 3, nikafika (3, 2), kisha (6, 0), palepale aliposema kata_mihimili. Na 2(3) + 3(2) = 12! Asanteni sana. Mwalimu, je, ile hasi nikiipa 3 ya chini badala ya 2? Yaani nipande 2, niende kushoto 3?

mwalimu_wa_jioni:
Utafika (−3, 6). Ijaribu: −6 + 18 = 12. Ni mstari uleule, umeurefusha tu upande wa pili.