Kampuni ya hosting inazikata taarifa za wafugaji wetu Tanga, halafu inasema hawajui kujaza fomu

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira na sitaificha.

Chama chetu cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa Tanga kina fomu kwenye tovuti yake. Mnyama akiumwa, katibu wa kituo anaijaza, awe Pongwe au Muheza, na daktari wa mifugo anasoma na kupanga aanzie wapi. Ilikuwa inafanya kazi vizuri. Kampuni inayotuhifadhia tovuti ikatuhamishia seva nyingine bila kutuambia, na tangu hapo daktari anafungua taarifa anakuta hivi:

"Naomba msaada haraka, ng"

Basi. Katibu alichoandika ni hiki: "Naomba msaada haraka, ng’ombe ana homa kali, hali tangu jana, tezi za shingoni zimevimba." Mfugaji yeyote wa huku akisikia hivyo anawaza ndigana kali, na kwa ndigana kali ukichelewa siku mbili tatu unachimba shimo. Daktari atajuaje, wakati ameletewa "ng"?

Nikawaandikia hao jamaa. Wakajibu eti tuwaelimishe watumiaji wetu wajaze fomu kikamilifu. Kuwaelimisha! Hao makatibu wanaandika taarifa nzuri kuliko majibu ya hiyo kampuni.

Kilichonichanganya mwanzoni ni kwamba kituo kile kile, leo taarifa inafika nzima, kesho imekatika. Tofauti ni ritifaa, kile kialama cha kwenye ng'ombe. Anayeandika kwenye simu nyingi za Android anaweka iliyonyooka, inapita. Anayetumia iPhone, au anayeandika kwanza Word kisha akabandika, anapata iliyopinda, na hapo ndipo panapokatika.

Nikaita curl -I kwenye ukurasa wa fomu, amri inayoonyesha hedi, yaani maelezo ambayo seva inayatanguliza kabla ya ukurasa. Hedi inasema charset=ISO-8859-1, mfumo wa zamani wa kugeuza herufi kuwa baiti. Ukurasa wenyewe ni HTML tupu na ndani umeandikwa UTF-8, mfumo wa sasa, lakini hedi ya seva ikisema lake, brauza inaifuata seva na kuacha kilichoandikwa ndani. Ndivyo kanuni ilivyo. Kwa hiyo brauza inatuma ritifaa iliyopinda kama baiti moja, 92, badala ya zile tatu za UTF-8, E2 80 99. MySQL, yaani hifadhidata yetu, imeshaambiwa inapokea UTF-8. Ikikutana na 92 iko peke yake haiitambui, na kwa kuwa kwenye seva hiyo mpya wamezima strict mode, ile hali ya kukataa data yenye kasoro, haikatai wala haipigi kelele: inahifadhi yaliyotangulia na kuyatupa yote yanayofuata. Strict mode inakuja imewashwa yenyewe tangu MySQL 5.7 ya mwaka 2015. Kuna mtu aliizima kwa mkono wake.

Yaani chanzo ni mstari mmoja kwenye mipangilio ya Apache, programu ya seva yao, AddDefaultCharset ISO-8859-1. Ukiandika UTF-8, au Off, yameisha. Ningeweza kuubadilisha mwenyewe kwa .htaccess, faili la mipangilio ya tovuti moja, ila hiyo nayo wameifunga.

Mifugo ya watu haiwezi kusubiri, kwa hiyo nikaongeza accept-charset="UTF-8" kwenye tegi ya fomu, inayoiambia brauza itume UTF-8, na taarifa sasa zinafika nzima. Nikawapelekea kila kitu, hedi, baiti, mstari wenyewe. Mnajua walichofanya? Wamefunga tiketi ya malalamiko yetu na kuandika kwamba tatizo lilikuwa kwenye fomu ya mteja na mteja amesharekebisha. Hedi mpaka naandika hapa ni ile ile! Na kwenye seva hiyo hatuko peke yetu. Kama nanyi mmehamishwa karibuni, jazeni fomu zenu mkiweka ng’ombe au ng’ambo kwa ritifaa iliyopinda, kisha mkaangalie kwenye hifadhidata kimeingia nini.

Taarifa zilizokatika hazirudi. Hazikuwahi kuhifadhiwa, kwa hiyo hata bakapu haina kitu. Inabidi tuwapigie simu makatibu wote, mmoja mmoja, tuulize upya nani alikuwa na mnyama mgonjwa na yuko hali gani.

Nataka wabadilishe huo mstari, wawashe strict mode, wafungue tena ile tiketi na waandike kosa ni la nani. Na bili ya hizo simu nawapelekea.