Mjadala: Je, Paul Simon alikosea kwenda kurekodi "Graceland" kwa makaburu?

Mtoa hoja:

Ndugu zangu wapenzi wa muziki, naomba tuujadili kwa utulivu ubishi uliotugawa juzi baada ya mazoezi ya bendi, nilipouweka wimbo wa "Gumboots", ulio kwenye albamu hiyo ya "Graceland", kwenye spika ili vijana wetu wawili wa ala za kupuliza wausikie. Mwenzetu mmoja aliinuka akatoka nje, na aliporudi akasema kwamba yeye hasikilizi albamu iliyorekodiwa kwa kuvunja mgomo wa watu waliokuwa wakiuawa. Nilimjibu kwa hasira, jambo ninalolijutia, kwa sababu hoja yake ina uzito na inastahili jibu la mtu aliyekaa chini akafikiri.

Kwa wasioijua habari yenyewe, ilikuwa hivi. Paul Simon, mtunzi na mwimbaji wa Marekani aliyekuwa na zaidi ya miaka 20 katika fani, alitoa mwaka 1983 albamu ambayo haikuuzika, na katika kipindi hicho cha unyonge akapewa kaseti ya muziki wa vitongoji vya weusi wa Afrika Kusini, ambamo kibao kimoja cha kundi la Boyoyo Boys kilimnasa asiweze kukiacha. Februari 1985 alisafiri hadi Johannesburg pamoja na fundi wake wa sauti, Roy Halee, wakaingia studio kwa takriban wiki mbili na makundi ya huko. Wakati huo lilikuwapo azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa la Desemba 1980, lililowataka waandishi, wanamuziki na wasanii wengine waisusie Afrika Kusini. Simon alikuwa amekataa mwaliko wa kwenda kutumbuiza Sun City, hoteli ya starehe na kamari ya huko, lakini kwa safari hii ya studio hakuomba idhini ya ANC, chama cha ukombozi cha weusi, ingawa Harry Belafonte, mwimbaji na mwanaharakati wa Marekani, alimshauri azungumze nao kwanza. Albamu ilitoka Agosti 1986, ikauzwa kwa mamilioni, ikachukua Grammy ya albamu bora ya mwaka, na kelele zikapanda kadiri mauzo yalivyopanda.

Mimi ni mpuliza saksafoni, na sitajifanya kwamba niliijia albamu hii kwa njia nyingine. Kaseti yangu ya kwanza ilikuwa ya kunakiliwa dukani, yenye jina lililoandikwa kwa kalamu ya wino ubavuni na bila karatasi yoyote ndani, kwa hiyo niliishi na "Gumboots" kwa miaka bila kujua anayepuliza ni nani. Wimbo umejengwa juu ya kodi tatu tu (yaani mafungu matatu ya noti zinazopigwa pamoja), na kodiani ndiyo inayousukuma kama mtu anayekimbia akiteremka mlima; saksafoni zinaingia kwa vifungu vifupi, vikavu, vinavyokatika kabla hujaanza kuvifurahia. Sisi tuliolelewa na muziki wa dansi, ambamo wapulizaji hungoja kwa subira mpaka kibao kichemke ndipo tusimame pamoja na kumwaga vifungu virefu, tunapata taabu sana na mtindo huu, kwa kuwa hauna mahali pa kuvutia pumzi. Inabidi hewa uiibe kwa pembe za mdomo bila kuuachia mwanzi, ule ulimi mwembamba wa saksafoni unaotetemeka mdomoni. Mara ya kwanza nilipojaribu kuufuata nilikuwa nimeachwa nyuma ya mpigo kwenye kifungu cha pili, na mwanzi wangu, ambao nilikuwa nikiukwangua kwa wembe ili unifae wiki moja zaidi kwa kuwa mpya haukupatikana mjini, ukapasuka ncha.

Nilipopata nakala halisi, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuifungua karatasi ya ndani. Pale, wimbo kwa wimbo, nilisoma jina la kila aliyepiga: saksafoni za "Gumboots" ni za Barney Rachabane, Mike Makhalemele na Teaspoon Ndelu, gitaa lililonifanya nimwonee wivu mpiga solo ni la Ray Phiri, lile gitaa la besi linaloteleza kama samaki mkononi ni la Bakithi Kumalo. Tena majina hayo hayakuishia kwenye orodha ya wapigaji. Forere Motloheloa, mpiga kodiani, ametajwa kuwa mtunzi mwenza wa wimbo wa kwanza, Jonhjon Mkhalali na Lulu Masilela wametajwa kwenye "Gumboots", na Joseph Shabalala wa Ladysmith Black Mambazo ametajwa kwenye "Homeless". Katika studio ya Johannesburg Simon aliwalipa wapigaji mara tatu ya kiwango cha chama cha wanamuziki cha New York.

Mtu asiyepuliza, wala kupiga besi nyuma ya mwimbaji maarufu, anaweza kuona kwamba hayo ni mambo madogo. Kuna wimbo mmoja ambao redio bado zinaupiga siku za Jumapili, wenye kipande cha saksafoni nilichokitunga papo hapo studio, nimesimama, koti nimelitundika msumarini. Nililipwa nauli na sahani ya chipsi, na jina langu halikuandikwa popote. Kwa hiyo ninaposikia kwamba Simon alikuja kuiba, huwa namkumbuka Solomon Linda, mwimbaji wa Afrika Kusini aliyerekodi "Mbube" mwaka 1939, akauza haki zake kwa shilingi 10, akafariki mwaka 1962 akiwa maskini huku wimbo ukizunguka dunia, hata warithi wake wakaja kupata suluhu mwaka 2006. Wizi wa muziki wetu ninaoufahamu mimi huanza na kufutwa kwa jina.

Kwa kipimo hicho hicho, sisi watetezi wa Simon hatupaswi kuficha doa lililopo. Wimbo wa mwisho wa albamu ulirekodiwa na kundi la Los Lobos, tena wenye saksafoni ya Steve Berlin, lakini mtunzi aliyeandikwa ni Simon peke yake. Berlin amelalamika hadharani kwamba wimbo ule ulikuwa wao, naye Simon amekanusha. Mimi sikuwapo studio. Nasema tu kwamba albamu iliyotaja wengi kwa uangalifu namna ile inaacha maswali pale ilipomtaja mmoja.

Sasa nije kwenye mgomo. Ususiaji ulikusudiwa kumtenga kaburu, lakini ulipomfikia mpulizaji mweusi wa Johannesburg ulimkuta tayari ametengwa: mwaka 1985 sheria za pasi, zilizomlazimu mweusi kutembea na kibali, zilikuwa bado zinatumika, na mwanamuziki aliyemaliza kurekodi usiku alikuwa na kazi ya pili ya kufikiria atarudije kitongojini. Kumkataza mtu kama huyo asisikike nje kwa sababu anaishi ndani ya nchi ile ni kumfungia mlango ambao kaburu alikwisha kuufunga. Hata hivyo, Simon alikosea, na kosa lake nalieleza kwa lugha yetu: alipiga hodi kwa wanamuziki, akakaribishwa vizuri, lakini hakupiga hodi kwa wenye msiba. Kwangu hilo ni kosa la adabu, kosa kubwa, lakini halitoshi kunifanya nimnyamazishe Rachabane.

Nakaribisha hoja, hasa za kunipinga.

Mchangiaji kutoka Morogoro:

Mwanangu mpuliza saksafoni, umeandika vizuri, na wimbo wenyewe naupenda. Usije ukadhani wanaokupinga wana masikio ya mawe. Lakini mimi nilikuwa kijana hapa Morogoro ANC walipopewa na serikali yetu shamba la zamani la mkonge pale Mazimbu, mwaka 1977, wakajenga shule wakaiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Tuliwaona wanafunzi wale. Walikuwa watoto waliovuka mipaka bila wazazi wao, na Jumamosi waliimba kwa namna ambayo ungeacha baiskeli yako njiani ukasimama kusikiliza. Walikuwa wanamuziki pia, lakini hakuna aliyewafuata na mashine ya kurekodia na malipo mara tatu.

Ninachotaka kukuambia ni kwamba mgomo haukubuniwa na watu wa New York waliokaa kwenye viti vya ngozi. Waliouomba ni wenye msiba hao hao uliowataja, wakijua fika kwamba utawaumiza na watu wao wenyewe. Mfanyakazi anapogoma bandarini, mtoto wake ndiye anayelala njaa kwanza, na hakuna anayekuja kumwambia kwamba mgomo wake unamwonea mtoto. Wewe unasema Simon alikosa adabu tu. Mimi nasema aliuliza, akaambiwa na Belafonte azungumze na wahusika, akaona jibu linaweza kuwa hapana, akaondoka bila kulisubiri. Huko siko kusahau hodi. Ni kusikia "subiri" ukaingia.

Na jambo jingine. Albamu ilitoka Agosti 1986, wakati hali ya hatari iliyotangazwa Juni mwaka huo imeikalia nchi nzima, watu wanakamatwa usiku. Tafuta ndani ya nyimbo zile neno moja linalomtaja kaburu. Hutalipata. Nakuuliza swali dogo tu: kama jina la kila mpiga gitaa lilistahili kuandikwa, kwa nini jina la mnyongaji halikuandikwa?

Mchangiaji mwingine:

Shikamoo mzee. Naongeza jambo moja, kwa kuwa wote wawili mnazungumza kana kwamba wahamishwa walikuwa na sauti moja. Februari 1987 Simon alipiga Harare, katika uwanja wa Rufaro, na waliosimama naye jukwaani ni Miriam Makeba na Hugh Masekela, wanamuziki wa Afrika Kusini waliokuwa wameishi nje ya kwao tangu karibu mwaka 1960. Makeba ndiye aliyeipeleka "Malaika" kwenye kumbi za dunia kwa Kiswahili, na ndiye aliyekwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1963 kuwashitaki makaburu, wakamvua uraia. Miezi miwili baada ya Harare, wanamuziki wa Uingereza, akina Jerry Dammers, Billy Bragg na Paul Weller, walimwandikia Simon barua ya wazi wakitaka aombe radhi, na watu wakaandamana nje ya Royal Albert Hall huku Makeba akiwa ndani anaimba. Sisemi Waingereza wale walikosea. Nasema tu kwamba aliyevuliwa uraia alikuwa upande wa ndani wa mlango.

Ama kuhusu majina, kaka, tujitazame na sisi: "Malaika" yenyewe mpaka leo wapo wanaosema ni ya Fadhili William na wapo wanaosema ni ya Adam Salim.

Mtoa hoja:

Shikamoo, mzee wangu wa Morogoro. Nimesoma maneno yako mara tatu, na hapo kwenye "subiri" umenishinda. Kauli yangu ya kosa la adabu ilikuwa laini mno, naiondoa. Mtu aliyeshauriwa na rafiki wa karibu wa harakati, akachagua kutosikia, hawezi kutetewa kwa kusema hakujua.

Lakini kuhusu kauli moja ya wenye msiba, dada (au kaka) aliyechangia baada yako amenisaidia, nami naongeza la mwaka 1992. Januari mwaka huo Simon alikwenda kupiga Johannesburg baada ya ususiaji kulegezwa, ANC wakamkaribisha, Mandela akampokea, na bado bomu lilirushwa kwenye ofisi za waandaaji wa onyesho, kwa kuwa wapo wanaharakati weusi walioona muda haujafika. Nyumba ile ilikuwa na wazee wengi, na hodi kwa mmoja haikuwa hodi kwa wote. Hilo halimwondolei Simon lawama ya 1985, ila linanifanya nisite mtu anaposema kwamba jibu la wenyewe lilikuwa wazi.

Kuhusu mashairi yasiyomtaja mnyongaji, nimekaa na swali lako siku mbili. Jibu la haraka la sisi wapulizaji ni kwamba saksafoni haina maneno, na kwamba kumsikia Rachabane akipuliza kwa furaha namna ile mwaka ambao alitakiwa asiwe na furaha ni ushahidi wa aina yake. Nimeliandika jibu hilo, nikalifuta, nikaliandika tena. Ni kweli kwa Rachabane. Kwa Simon, aliyekuwa na maneno, tena anayeyachagua kama mtu anayepembua mchele, si kweli, na sina jibu jingine.

Jumamosi tunafanya mazoezi saa kumi alasiri. Vijana nimewaambia waje na miwanzi miwili kila mmoja, kwa sababu kifungu cha pili cha "Gumboots" bado kinawaacha nyuma. Mzee, kama nauli ya kutoka Morogoro si tatizo, naomba uje uwasimulie Mazimbu kabla hatujaiwasha spika, na mwenzetu aliyetoka nje juzi nimeshamwomba akae mbele.