Mrejesho: ile vocha ya ndege ya supamaketi

Jamani asanteni sana, mimi ndiye niliyeuliza kama ile vocha ya nusu nauli Malindi–Nairobi, unayopewa ukinunua bidhaa za 10,000, yaokoa pesa kweli. Nilimfuata dada alosema nisinunue cha ziada, nikachukua mchele, unga na mafuta yetu ya kawaida tu. Kwenda nimeokoa 1,900, sio nusu kama walivyotangaza, maana vocha yakata nauli tupu, kodi na ada za uwanja unalipa zote na begi la mama likalipiwa kivyake. Kurudi ikakataa kabisa, wikendi haihesabiwi, tukapanda treni ya SGR 1,500 kila mtu hadi Miritini, Mombasa, halafu matatu mpaka Malindi, mama kachoka sana. Kaka uloniambia nisome masharti kwanza, ulisema kweli, ningerudi Jumanne ingekubali.