Mteja anauliza "bei gani?", ukimtajia anapotea. Mnafanyaje?

Lenzi50
Wakuu, habari za kazi. Napiga picha za harusi, mahafali na familia. Kati ya kumi wanaoulizia bei, wanane wakishatajiwa hawarudi tena. Na hao wawili wanaobaki, mmoja atadai "picha zote ulizopiga", mwingine atakuongezea saa mbili juu bila kulipa. Wateja wa maana mnawapata wapi, swali la bei mnalijibuje, na mnaandikiana nini kabla ya siku yenyewe?

KivuliNaMwanga
Mkuu, anayeuliza "bei gani" mara nyingi hajui aulize nini kingine. Ukimrushia namba tupu ataipambanisha na namba ya mwenzako, na hapo mwenye ya chini ndiye anayeondoka naye.

Jibu haraka, ikiwezekana ndani ya saa moja, na umuulize mambo manne tu: tarehe, mahali, watu wangapi, na picha atazitumia wapi (kwenye simu, ukutani, au kwenye tangazo la biashara). Ndani ya ujumbe huohuo mwambie bei zako zinaanzia ngapi. Wapo wanaoficha bei mpaka mteja apige simu. Wengi hawapigi, wanahamia kwa mwingine.

Akishajibu, mpe vifurushi vitatu, si saba. Kila kifurushi kionyeshe saa za kazi, idadi ya picha zilizohaririwa, siku za kukabidhi, na kama kuna albamu. Cha kati kipange kwa uangalifu kuliko vyote, maana wengi wataangukia hapo. Akiomba punguzo, toa kitu: saa moja, albamu, au mpiga picha wa pili. Ukishusha bei na kazi ikabaki vilevile, umemwambia kwamba ile ya kwanza uliibahatisha.

Halafu ipigie hesabu. Harusi ya saa 8 haiishii kwenye saa 8. Tuseme umerudi na picha 1,600. Kuzichambua, saa 3. Ukabaki na 400, na kila moja ikala dakika moja na nusu, hizo ni saa 10. Kikao na mteja, safari, kupakia na kupanga albamu, saa 5. Jumla 26. Gawa bei yako kwa 26, kisha katika hiyo ya saa moja toa vifaa, programu, usafiri na kodi. Kinachobaki ndicho mshahara wako, na wengi wakifika hapo huwa wanakaa kimya kidogo.

ShataTaratibu
Mimi nijibu la kuandikiana. Mkataba wa kurasa mbili unatosha, lugha nyepesi, asiyejua sheria aelewe. Usikose haya:

- Tarehe, mahali, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Bei ya kila saa ya ziada iwe imeandikwa, na jina la mtu mmoja mwenye ruhusa ya kuiagiza siku hiyo. Bila jina hilo, kila mjomba ni bosi wako.
- Idadi ya picha kama kiwango cha chini ("zisizopungua 300"), si namba kamili.
- Siku za kukabidhi. Ukijua ni wiki tatu, andika nne.
- Marekebisho: raundi moja, maoni yote yaje kwa pamoja. Tofautisha kurekebisha rangi na mwanga na kazi ya kumwondoa mtu kwenye picha. Hiyo ya pili ina bei yake.
- Malipo ya awali yasiyorudishwa, asilimia 50. Bila hayo, tarehe haijashikwa.
- Nini kitatokea akiahirisha, na nini kitatokea wewe ukiugua. Hilo la pili wengi wanalisahau, na ndilo mteja makini anaulizia.
- Ruhusa ya kuweka picha zake kwenye kurasa zako. Watoto wasainiwe na mzazi au mlezi.

Kwa kazi za kampuni ongeza leseni: picha zitumike wapi na kwa muda gani. Picha ya tovuti na picha ya mabango ya mwaka mzima hazina bei moja, hata kama ni fremu ileile.

PikseliMoja
Naunga mkono, ila asilimia 50 kwa kazi ndogo ya saa moja inafukuza watu. Kazi ndogo chukua 30, iliyobaki wakamilishe siku ya kupiga kabla hujatoa kamera. Kwa harusi gawa mara tatu: wakati wa kusaini, wiki mbili kabla, na kabla ya kukabidhi. Salio lisibaki lote mwisho. Sherehe ikipita, hamu ya kulipa nayo inapoa.

Kuhusu kupata wateja: mkusanyiko wa kazi zako (portfolio) uwe na picha 15 hadi 20 za kazi unayotaka kuajiriwa, basi. Ukichanganya harusi, chakula na magari, anayetafuta harusi anaona mtu asiye na fani. Weka pia kazi moja nzima toka mwanzo hadi mwisho, maana picha moja kali yeyote anaweza kuibahatisha. Kisha nenda kwa wanaokutana na mteja kabla yako: wapambaji, wenye kumbi, washonaji, wapambaji wa maharusi. Baada ya kila shughuli wapelekee picha 10 za kazi *yao* ndani ya siku tatu, bure, wakutaje wanapoziweka. Hiyo inashinda matangazo mengi ya kulipia.

Lenzi50
Asanteni sana. Na huyu wa "picha zote" na RAW (faili ghafi za kamera, kabla ya kuhaririwa) nimjibu nini?

KivuliNaMwanga
Kwanza muulize anahofia nini. Mara nyingi hata RAW haijui. Anaogopa tu kwamba bibi yake hatatokea. Basi dawa ni orodha ya picha za familia, uandikiwe wiki moja kabla: makundi yasizidi kumi, kila kundi dakika tatu, na ndugu mmoja anayewajua wote wa kuwaita. Nusu saa umemaliza.

Akiendelea kuidai, mweleze kwamba faili moja ya RAW ya kamera ya megapikseli 24 huweza kufika MB 25 au zaidi, inahitaji programu maalumu, na ikifunguka rangi zake zimepooza. Ataibandika filta yake na jina lako litasambaa nayo. Ukiamua kuuza RAW, ziwe na bei yake kwenye mkataba.

ShataTaratibu
Nyongeza ya kukabidhi. Usitume kwa WhatsApp kama picha za kawaida, inazibana. Chapa ya sentimita 20 kwa 30 kwenye 300 ppi (pikseli kwa kila inchi) inahitaji pikseli 2,362 kwa 3,543. Iliyobanwa haifiki, na mteja atakulaumu wewe, si simu. Tuma kiungo cha kupakua, JPEG ya sRGB (mfumo wa rangi wa kawaida wa simu na skrini), na umwandikie kiungo kitafungwa lini. Picha tano za kuonjesha mtumie ndani ya saa 48, bado watu wanaizungumzia shughuli.

Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae jengo jingine. Kadi usiifomati mpaka mteja athibitishe kwa maandishi kwamba amepakua zote na zinafunguka.