Wenye vyumba vya wageni London, acheni kutudanganya kuhusu umbali!

Wakuu, naandika nikiwa bado na hasira, kwa sababu nikisubiri zipoe nitasema "yameisha", na mwingine ataingia kwenye shimo hilihili.

Nilikuwa na siku tatu za London. Kuingia Ijumaa mchana, kuondoka Jumatatu asubuhi, basi. Tangazo la chumba lilisema: "Dakika 25 tu hadi katikati ya jiji." Picha safi, kitanda kizuri, wageni waliotangulia wamesifu. Nikalipa. Anwani kamili hupewi kabla ya kulipa. Unaonyeshwa duara kwenye ramani, na duara lenyewe linameza mitaa mizima pamoja na vituo viwili vitatu vya treni.

Hizo dakika 25 zipo kweli. Ni dakika za treni kutoka kituo hadi kituo, ikishaondoka. Hakuna aliyeandika kwamba kituo kiko mwendo wa dakika 20 kwa miguu kutoka mlangoni, nusu yake kupanda mlima. Hakuna aliyeandika kwamba treni inapita kila baada ya nusu saa, kwa hiyo ukiikosa kwa dakika moja, unakaa. Hakuna aliyeandika kwamba inakushusha kituo cha London Bridge, na hapo bado unatafuta treni ya chini ya ardhi au basi la kukufikisha unakokwenda. Jumlisha wewe mwenyewe. Nilikuwa nateketeza saa moja na nusu kwenda na nyingine kama hiyo kurudi. Saa tatu kila siku! Aliyehamia kwa mwezi mzima atazoea. Mimi nilikuwa na siku tatu.

Najua watakuja wa kuniambia "ungeuliza". Niliuliza! Kabla sijalipa nilimwandikia mwenye chumba: kituo cha karibu kinaitwaje, na ni mwendo wa dakika ngapi? Akajibu, "Usafiri upo wa kutosha, eneo ni tulivu sana." Hapo ndipo nilipokosea, nilichukua jibu hilo kama jibu. Mtu anayekwepa kukutajia jina la kituo ana sababu ya kulikwepa.

Kwa asiyeijua London: treni na nauli zake zimegawanywa kwa kanda, kutoka 1 ya katikati hadi 9 ya mbali kabisa. Uwanja wa ndege wa Heathrow wenyewe uko kanda ya 6. Chumba changu kilikuwa kanda ya 5, kusini mashariki. Na upande ule wa jiji una jambo ambalo mgeni hawezi kulijua: treni ya chini ya ardhi karibu haipo. Ukitazama ramani yake utaona vituo vimejazana kaskazini mwa mto Thames, kusini vichache, na kusini mashariki ya mbali hakuna kitu. Huko mnategemea treni za kawaida za juu ya ardhi tu. Mwenye chumba analijua hilo, anaishi humo.

Sasa sikieni ya Jumamosi. Niliambiwa mwisho wa wiki kuna treni za chini ya ardhi usiku kucha, na ni kweli, tangu 2016 zipo usiku wa Ijumaa na Jumamosi. Lakini ni kwenye njia tano tu: Central, Jubilee, Northern, Piccadilly na Victoria. Hakuna hata moja inayonifikisha. Treni yangu ya mwisho ilishaondoka, nikabaki na basi la usiku. Nikalisubiri Trafalgar Square kwa baridi, nikapanda, likazunguka kila mtaa, na nilipofungua mlango wa chumba ilikuwa inakaribia saa tisa usiku. Halafu asubuhi nataka kuamka mapema nitembee jiji!

Jumapili ndiyo iliyonimaliza. Nafika kituoni, njia imefungwa kwa ajili ya matengenezo, abiria wote wanapakiwa kwenye mabasi hadi kituo kingine. Matengenezo ya namna hii London hufanyika sana mwisho wa wiki, yaani siku zilezile ambazo mgeni wa siku chache yupo mjini. Siku hiyo nilikuwa nimeiweka kwa makumbusho ya British Museum. Kuingia kwenye maonyesho yake ya kudumu ni bure, unachohitaji ni muda tu, na muda ndio niliokuwa nimeibiwa. Nimefika saa tisa na nusu alasiri, wanafunga saa kumi na moja. Nimeliona jiwe la Rosetta, lile jiwe maarufu la maandishi ya kale ya Misri, juu ya mabega ya watu, nimepita vyumba vichache nikikimbia, walinzi wakaanza kututoa. Sijui nitarudi lini tena. Hilo linaniuma kuliko hela.

Nilipolalamika kwa kampuni niliyobukia chumba, nikajibiwa kwamba eneo lilikuwa limeonyeshwa kwenye ramani na umbali uliotajwa ni sahihi. Umbali gani? Kilomita za mstari ulionyooka kama ndege anavyoruka! Umbali wa London kwa desturi hupimwa kuanzia Charing Cross, pale katikati ya jiji penye sanamu ya Mfalme Charles I. Chora mstari kutoka pale, chumba changu kitaonekana si mbali hivyo. Mimi siruki. Napita mlima, jukwaa la kituo, ngazi, na sanduku mkononi.

Na "ndani ya London" nayo isikudanganye. London ina halmashauri 32 ukiacha ile City, kitovu kidogo cha kale cha jiji, na mtu wa pembezoni kabisa ana haki ya kusema yuko London. Zipo hata hoteli zenye jina London zilizo karibu na viwanja vya ndege vya Luton au Stansted. Luton iko Bedfordshire na Stansted iko Essex, London yenyewe hujaifikia bado.

Kinachonikera zaidi ni hiki. Uingereza tangu Aprili 2025 sheria inamtaka muuzaji aonyeshe bei nzima mwanzoni, pamoja na ada zote za lazima, asikuongezee za usafi mwishoni ukiwa umeshakubali. Kweli, bei yangu iliandikwa nzima. Lakini kwa mtu wa siku tatu, saa tisa za barabarani ni sehemu ya bei. Mbona hizo zinaruhusiwa kufichwa? Kuandika jina la kituo, kanda yake, dakika za kutembea hadi mlangoni na saa ya treni ya mwisho kunagharimu nini? Mistari miwili!

Na nyinyi mnaoshauri kila mgeni "lala mbali uokoe hela, kulala ni kulala tu", punguzeni. Kwa wiki tatu, sawa. Kwa siku tatu mnampoteza mtu. Chumba kidogo kisicho na dirisha la maana, dakika tano kutoka kituo cha kanda ya 1 au 2, kingenifaa mara kumi kuliko kile kitanda kikubwa nilichokilalia saa tano tano.

Mdogo wangu anakwenda mwezi ujao, siku nne. Nimemkataza kulipa popote kabla hajatajiwa kituo kwa jina. Jana amemuuliza mwenye chumba mmoja, akajibiwa, "Ni karibu tu, utafurahia utulivu." Tumeachana naye hapohapo. Waliofikia London karibuni, naomba mtuandikie hapa: kituo gani, kanda gani, dakika ngapi kwa miguu mkiwa na mizigo. Msituambie "pazuri".