Nukta za 5H zinazidi ninapotuma Morse: je, ninunue kompyuta mpya?

Mkono Mzito (Kigoma): Ndugu wanajukwaa, redio yangu ya ridhaa huendeshwa na programu ya kompyuta, na mlio wa kujisikilizia hunifikia umechelewa. Alama ya kituo changu huanza na 5H, yaani kwa Morse nukta tano kisha nne. Nikibana kibao cha ufunguo, ambacho hutoa nukta mfululizo hadi nikiachie, sikio bado linangoja nukta ya tano wakati ya saba imekwisha kwenda hewani. Nimepunguza bafa (akiba ya sauti inayongoja kuchakatwa) kutoka sampuli, yaani vipimo vya sauti, 2048 hadi 512, lakini nafuu ni ndogo mno. Je, kompyuta yenye kasi zaidi itanisaidia?

Fundi Mwanga: Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya 2048 hula takriban milisekunde 43 na ya 512 takriban 11. Chujio la sauti umelibana kiasi gani, maana nalo huchelewesha, na unasikilizia nini?

Raia Mwema: Kabla ya yote, leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, unayo?

Mzee wa Stesheni (Tabora): Marehemu baba yangu alikuwa karani wa simu za maandishi relini. Hakuwa na mlio wala bafa. Alijisikiliza kwa chuma kugonga chuma, na hata mezani akisubiri ugali kidole chake kiligonga majina ya stesheni.

Mkono Mzito: Shikamoo, mzee. Leseni ninayo, na chujio ni la hezi 500. Visikilizi ni vya Bluetooth, kwa sababu mtoto hulala chumba hichohicho, na vile vya waya alivivuta hadi redio ikaanguka. Sioni kosa lake, kwani muziki husikika vizuri kabisa.

Raia Mwema: Muziki hauutumi kwa kidole, ndugu yangu.

Mtilia Shaka: Kisa hiki kimetungwa. Kwa maneno 20 kwa dakika nukta moja na nafasi inayoifuata ni milisekunde 120, na Bluetooth huweza kuchelewesha zaidi ya 200, kwa hiyo nukta mbili za ziada zinaingia sawasawa kama hesabu ya mtihani. Anayejua sampuli za bafa atashindwaje kujua hilo?

Mkono Mzito: Sikushindwa kujua. Nimetanguliza arubuni ya shilingi 200,000 dukani, na nilitumaini mmoja wenu angeilaumu kompyuta.

Fundi Mwanga: Basi uchukue mlio kwenye kifaa kinachotengeneza nukta, si kwenye programu, tena kwa waya. Kompyuta itaendelea kuwachelewesha wale unaowasikiliza, lakini mkono wako hautawangoja.

Mkono Mzito: Nimeazima visikilizi vya waya kwa jirani, na 5H imetoka nukta tisa, mara kumi mfululizo. Mwenye duka anasema arubuni hairudi, ila nichague bidhaa nyingine. Visikilizi vya waya anauza shilingi 5,000.

Mzee wa Stesheni: Chukua arobaini, kijana wangu; huyo mtoto bado anavuta.